Tumbo Dogo, Sahani Kubwa

Mimi ni karani wa parokia hapa Ufipa, si mbali na mji wa Sumbawanga. Kazi yangu ni kuandika vitabu: cha ubatizo, cha ndoa, na cha marehemu. Kabla ya kazi hii nilisomea ualimu, nikafundisha hesabu na sayansi kwa miaka michache katika shule ya msingi. Sitangulizi habari hizi kwa kujisifu, bali nataka upate kuona jinsi aibu yangu ilivyo kubwa. Maana kisa hiki ni cha mtu aliyekuwa akiwafundisha watoto habari za tumbo na utumbo ubaoni, kwa chaki za rangi, na siku ilipofika akashindwa kuyatambua mateso ya dada yake mwenyewe, tumbo moja naye.

Dada yangu ni mkubwa wangu kwa miaka minane. Alikwenda Dar es Salaam akiwa msichana, akafanya biashara ya vitenge, na Mungu akambariki. Lakini pamoja na baraka ulikuja unene, na pamoja na unene ukaja ugonjwa wa kisukari. Alifika kilo 131. Alimeza vidonge asubuhi na jioni, na mwishowe akawa anajichoma sindano za insulini. Mwaka 2021 alisafiri kwenda India kutibiwa. Sisi nyumbani alituambia neno moja tu: "Naenda kutibiwa kisukari." Tukamwombea, naye akarudi salama. Tulipoona katika picha kwamba anapungua mwezi hata mwezi, tulisema dawa za Wahindi ni kali.

Mwezi wa Julai 2023 tulifiwa na baba mkubwa, naye dada akaja mazishini. Wewe uliyezaliwa Ufipa waijua baridi ya Julai katika uwanda huu wetu wa juu. Watu hujifunika mablanketi mchana, na moto wa matanga hauzimwi. Alipoteremka katika basi sikumjua. Mwili ulikuwa umepungua nusu. Mama alimkumbatia, akalia, nami sikujua kama analia kwa ajili ya marehemu au kwa ajili ya mifupa aliyoishika.

Siku ile jioni akatengewa chakula: ugali wa ulezi, mlima mzima, pamoja na maharage na migebuka ya Ziwa Tanganyika. Akamega tonge la kwanza, la pili, la tatu, akanawa. Mama akamtazama. Akasema, "Mwanangu, chakula chetu umekichoka?" Dada akajibu kwamba ameshiba. Akina mama waliokuwa jikoni wakatazamana. Kwetu, msomaji, waelewa maana yake. Mtu atokaye mjini akala matonge matatu na kunawa ameitukana nyumba.

Basi asubuhi yake, ili kumfurahisha mama, dada akanywa uji wa ulezi vikombe viwili, tena wenye sukari nyingi kama wanavyoutia kwenye shughuli, akaongeza na andazi. Mama akafurahi. Mimi nilikuwa naandika majina ya watoa rambirambi. Zilipita kama saa mbili, nikamwona dada anatembea uani kwa kuyumba. Jasho linamtoka katika baridi ile. Nikamwuliza jambo, akanijibu kwa ulimi mzito, kisha akacheka pasipo sababu. Watu waliokuwa wakinywa pombe upande wa pili wakamtazama, wakanong'ona.

Sasa sikiliza aibu yangu. Nilimshika mkono, nikampeleka nyuma ya nyumba, nikamwambia maneno haya: "Dada, umekunywa asubuhi yote hii, na marehemu hajazikwa? Huoni haya? Mimi ni mtu wa kanisa, wanitia aibu mbele ya watu." Hakunijibu. Alinitazama kama mtu asiyenijua. Akaketi chini penye umande karibu na kihenge, nami nikamwacha hapo, nikarudi mezani kwangu kuandika majina.

Binti mmoja mdogo aliyetumwa kuni ndiye aliyemkuta amelala ubavu, anatetemeka. Wakapiga kelele. Shemeji yetu mmoja akaleta soda, na kwa kuwa dada alikuwa bado ana fahamu kidogo na aliweza kumeza, wakamnywesha chupa nzima. Kabla ya robo saa akafumbua macho, akaongea vizuri, akaomba radhi. Watu wakamshukuru Mungu, mazishi yakaendelea. Lakini saa moja na nusu haikupita akaanguka tena, na mara hii kuliko ya kwanza. Hapo ndipo minong'ono ilipobadilika. Waliosema "amelewa" sasa wakasema "amerogwa."

Wewe wajua jinsi watu wanavyolieleza jina la mji wetu: kwamba Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi." Na hata hivyo, mtu akianguka mara mbili penye msiba, uchawi huo tuliokwisha kuutupa twauokota haraka sana.

Tulimpeleka kituo cha afya. Mwuguzi akamchoma kidole, akaweka tone la damu katika kipima sukari. Kipimo kikaonyesha 2.4. Mtu mzima asiyekula tangu jana huwa na 4 na zaidi kidogo. Akishuka chini ya 3 ubongo huanza kukosa chakula chake, maana ubongo hutegemea sana sukari ya damu. Ndiyo sababu mtu huyo huyumba, hutoka jasho, hutetemeka, husema ovyo, hukasirika au hucheka, na akizidi huzimia au kupata degedege. Ukimtazama kwa mbali wadhani ni mlevi. Wakamtundikia maji ya sukari katika mshipa. Kisha tabibu akaniuliza, "Huyu amewahi kupasuliwa tumbo?" Nikasema, "Hapana." Dada akafumbua macho, akasema kwa sauti ndogo, "Ndiyo. Nimepasuliwa."

Alituficha miaka miwili. Nilipomwuliza sababu, alisema, "Mngenicheka. Mngesema, watu wanalala na njaa, huyu kalipa fedha akatwe tumbo asile." Msomaji, sikuwa na jibu, kwa maana ndivyo hasa ambavyo ningesema.

Alikuwa na karatasi za hospitali, kurasa sita za Kiingereza, amezikunja chini kabisa ya sanduku. Tuliziweka juu ya meza yangu ya parokia, tukazisoma pamoja neno kwa neno. Yale niliyojifunza siku zile, na mengine niliyoulizia kwa madaktari baadaye, ndiyo ninayotaka kukupa leo. Maana upasuaji huu si wa watu wa mbali tena. Katika miaka hii ya karibuni hospitali ya Muhimbili, tawi la Mloganzila, imekuwa ikiwasaidia watu wanene kwa kuwawekea puto tumboni bila kupasua. Na wapo Watanzania wanaopasuliwa, humu nchini na ng'ambo. Kesho atakuwa wifi yako, au mkweo.

Kwanza tujue mwendo wa kawaida wa chakula. Fikiri mashine ya kusaga. Juu yake pana karai la bati ambamo mama humwaga debe lake la mahindi. Chini ya karai pana kibao kidogo. Fundi hukifungua kwa kadiri, mahindi yakaingia machache machache. Tumbo ndilo karai. Laweza kushika lita moja na zaidi. Chini yake pana mlango wa nyama ambao huachia chakula kilicholainika kidogo kidogo kiingie utumbo mwembamba. Wanga wa ugali, wali au viazi huanza kuvunjwa na mate kinywani. Walakini kazi kubwa hufanyika katika utumbo mwembamba, kwa vimeng'enya vitokavyo kwenye kongosho na kwenye ukuta wa utumbo wenyewe. Huko wanga huwa sukari, sukari huingia damuni, na kongosho hutoa insulini ili sukari hiyo iingie katika nyama na maini. Kwa kuwa mlango huachia kidogo kidogo, sukari hupanda polepole na kushuka polepole, kama mtu mwenye busara apandavyo mlima.

Sasa, upasuaji wa kupunguza unene uko wa namna kadhaa. Wa namna moja, daktari hukata na kuondoa sehemu kubwa ya tumbo, robo tatu na zaidi, akabakiza kipande chembamba chenye umbo la ndizi. Mlango wa chini hubaki, ingawa chakula hupita upesi kuliko zamani. Wa namna nyingine, ambao ndio aliofanyiwa dada yangu, daktari hutenga kifuko kidogo juu ya tumbo, kiasi cha kushika vijiko viwili vikubwa, akakiunga moja kwa moja na utumbo mwembamba mbele kidogo. Tumbo kubwa halitolewi. Hubaki mahali pake, na maji yake pamoja na nyongo na vimeng'enya vya kongosho huteremka kwa njia yao, vikakutana na chakula huko chini. Lakini chakula chenyewe hakipiti tena katika karai, wala mlangoni, wala katika kipande cha kwanza cha utumbo. Upasuaji wa aina hii ulianzishwa na daktari Edward Mason huko Iowa, Marekani, katika miaka ya 1960. Puto nililolitaja si kama hayo. Lenyewe hujaza nafasi tumboni kwa miezi kadhaa, kisha huondolewa, na njia ya chakula haibadilishwi.

Mimi nilidhani, na pengine wewe wadhani, kwamba mtu aliyeungwa hivyo wanga humpita bure, ukatoka kama ulivyoingia. Sivyo. Utumbo uliobaki bado ni mrefu, nao watosha kuuvunja na kuufyonza wanga karibu wote. Kilichobadilika ni mwendo. Kibao cha mashine kimeondolewa! Ukimwaga uji wenye sukari, huteremka mara moja, na sukari hupanda damuni kwa ghafula, ikafika kileleni upesi kuliko ya mtu mwingine. Zaidi ya hayo, chakula kikifika mapema katika sehemu za chini za utumbo, utumbo hutoa kwa wingi homoni, mojawapo ikiitwa GLP-1, ambayo kazi yake ni kuliambia kongosho: "Mgeni amekuja, toa insulini."

Hapo ndipo ilipo baraka, na hapo hapo ndipo ilipo hatari.

Baraka ni hii. Mwenye kisukari cha watu wazima kongosho lake limekuwa zito wa kusikia. Homoni hizo humwamsha. Tena kwa siku za kwanza mgonjwa hula kidogo mno, na maini hupumzika. Hivyo wengi huona sukari yao ikishuka katika siku chache, kabla hata unene haujapungua sana. Dada yangu aliacha sindano wiki ya kwanza, kwa amri ya daktari. Mwaka 1995 daktari Walter Pories na wenzake wa North Carolina walitoa habari za wagonjwa wao, nao madaktari wa dunia wakastaajabu kwamba kisu chaweza kufanya yale ambayo vidonge vimeshindwa.

Hata hivyo tusiimbe mapema. Katika uchunguzi mmoja uliofanywa Cleveland, Marekani, ambao matokeo yake ya miaka mitano yalitolewa mwaka 2017, wagonjwa wa kisukari 150 walipangwa katika makundi matatu. Waliofikia shabaha ya sukari iliyowekwa walikuwa 29 katika kila 100 kwa wale waliofanyiwa upasuaji kama wa dada yangu, 23 katika kila 100 kwa waliokatwa tumbo kama ndizi, na 5 tu katika kila 100 kwa waliotibiwa kwa dawa peke yake. Basi kisu kilishinda dawa kwa mbali. Lakini waone nao wale ambao hawakufika. Kwa wengine kisukari hurudi baada ya miaka. Kwa hiyo asidanganyike mtu akadhani amekizika kisukari, akaacha kupimwa.

Hatari ni hii, nayo ina sura mbili. Sura ya kwanza huja mapema, dakika 10 hadi 30 baada ya kula. Sukari nyingi ikitua utumboni kwa ghafula huvuta maji kutoka mwilini. Tumbo husokota, moyo hupiga mbio, kizunguzungu huja, na pengine kuhara. Sura ya pili huja baadaye, kati ya saa moja na saa tatu baada ya kula. Sukari imepanda ghafula, kongosho limetoa insulini nyingi kupita kadiri, na sukari ilipokwisha kuingia mwilini insulini bado ipo. Basi sukari huporomoka. Sura hii ya pili kwa kawaida haionekani mara baada ya kupasuliwa. Mara nyingi huanza mwaka mmoja au zaidi baadaye, wakati mgonjwa amekwisha kusahau na ndugu wamekwisha kuzoea. Ndiyo iliyomwangusha dada yangu. Na soda ile tuliyompa ilimwamsha kweli, lakini ilikuwa ni uji wa pili: sukari ikapanda, insulini ikamwagika tena, akaanguka tena. Hapakuwa na mlevi pale, wala mchawi.

Nikuambie pia kwamba mambo haya si mageni kwa madaktari. Waliyaona zamani, kabla ya upasuaji wa unene, kwa wagonjwa waliokatwa tumbo kwa sababu ya vidonda. Kwa hiyo kama una mzee nyumbani aliyepasuliwa vidonda vya tumbo miaka ya nyuma, naye hulalamika kwamba chai ya sukari humtoa jasho na kumlegeza, usimwambie ni uzee. Mpeleke akapimwe.

Je, afanyeje mtu wa namna hii? Karatasi za dada yangu zilisema, na daktari wake wa Dar es Salaam akakaza, mambo ambayo kila nyumba yaweza kuyashika. Ale kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, atafune sana. Aanze na kitoweo: samaki, dagaa, yai, maharage, nyama, kisha mboga, ugali uje mwisho, nao kidogo. Asinywe maji pamoja na chakula, bali angoje kama nusu saa. Sukari ya chai, soda, juisi, asali na maandazi aviache. Maziwa ajaribu kwa kiasi, maana wapo ambao huanza kuwasumbua. Pombe humpanda mtu huyu upesi sana, tena huweza kushusha sukari, afadhali asiiguse. Vidonge vya vitamini na madini, kama B12, chuma na chokaa, ni vya maisha yote, wala haviachwi kwa kuona nguvu zimerudi. Na hospitali wakitaka kumpima kisukari kwa kumnywesha maji ya sukari, awaambie kwanza kwamba amepasuliwa, kwa kuwa kipimo hicho chaweza kumwangusha. Zikimzidi, daktari anazo dawa za kupunguza kasi ya wanga kuvunjwa utumboni.

Na akianguka? Kama ana fahamu na aweza kumeza, apewe sukari kidogo tu: vijiko vitatu vya chai katika maji, si chupa nzima ya soda. Akipata nafuu, mara moja apewe chakula cha kumshikilia, kama yai, maharage au samaki, ili asiporomoke tena. Kama hana fahamu, usimmiminie kitu kinywani, atapaliwa afe. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali, na useme wazi: "Huyu amepasuliwa tumbo."

Tuliposoma neno "wanga" katika tafsiri yangu, dada alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akasema, "Kumbe mimi ndiye Sumbawanga mwenyewe, nimeambiwa nitupe wanga." Nikacheka nami. Lakini nilipofikiri usiku niliona hata mzaha ule una kasoro. Hakuambiwa autupe. Mwili wa binadamu wahitaji wanga, na ulezi wetu ni chakula chema. Aliambiwa aujue mwendo wake mpya: uji mwepesi wenye sukari hukimbia, lakini tonge dogo la ugali wa ulezi lililokuja nyuma ya dagaa na maharage hutembea. Chakula ni kile kile cha Ufipa. Mpango wa sahani ndio uliobadilika.

Na hapa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Daktari amemaliza kazi yake kwa saa chache. Kazi iliyobaki ni ya miaka, nayo hufanyika mezani, na meza si ya mgonjwa peke yake. Ni ya mama aliyepika, ya shemeji aliyeleta soda, ya mwenyeji wa harusi anayesimama na kusema, "Huli? Umetudharau?" Dada yangu alijua kabisa kwamba uji ule haumfai. Hakuunywa kwa ulafi. Aliunywa ili mama yake asihuzunike. Sisi tuliompenda ndio tuliomwangusha, na mimi niliyejidai mtu wa kanisa nikamwacha juu ya umande.

Wala tusimcheke mtu mnene aliyekwenda kukatwa tumbo. Profesa Donald McLarty na wenzake walipopima watu wazima katika vijiji sita vya Tanzania, na kutoa habari hizo mwaka 1989, hawakufikia mmoja katika kila 100 wenye kisukari. Katika uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2012, mijini na vijijini, walionekana kama 9 katika kila 100 wenye miaka 25 hadi 64. Uchunguzi huo na ule havikufanana kwa kila namna, lakini mwelekeo wake waonekana hata kwa macho. Hatuwezi kusema ni wazembe wote hao. Maisha yamebadilika, jembe limeachwa, soda imefika hata kijiji cha mwisho. Upasuaji huu si kwa kila mnene, una hatari zake na gharama zake, na daktari mzuri hujaribu njia nyingine kwanza. Lakini aliyeufanya hakufanya dhambi ya kufichwa chini ya sanduku. Angetuambia, asingeanguka; nasi tungekuwa watu wa kuambiwa, angetuambia.

Nilimwomba dada msamaha pale pale kituoni. Alinijibu, "Mdogo wangu, hata mimi ningemwona mtu hivyo ningesema amelewa." Alinisamehe upesi kuliko nilivyostahili. Kumweleza mama ndiko kulikokuwa kugumu. Nilichora tumbo kwa mkaa juu ya ungo, karai na kibao, kama nilivyowachorea watoto zamani. Mama alisikiliza hata mwisho, asiseme neno. Kisha akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo alipokula matonge matatu, alikuwa ameshiba kweli?" Nikasema, "Ndiyo, mama. Alikuwa ameshiba kweli." Akageuza uso.

Krismasi ya mwaka 2024 dada alikuja tena. Nyumba ilikuwa imejaa, na sahani kubwa zikapita huku na huku. Mama akaingia jikoni mwenyewe, akatoka na kibakuli kidogo cha bati, kile tulichokuwa tukilia uji sisi sote tulipokuwa watoto wachanga. Ndani yake palikuwa na dagaa wa Kirando waliokaangwa na nyanya, maharage kidogo, na pembeni tonge moja la ugali wa ulezi, dogo kama yai. Akamwekea dada mbele ya wageni wote. Mgeni mmoja akafungua kinywa kusema jambo. Mama akamtangulia. "Huyu ndivyo alavyo," akasema. "Kula, mwanangu. Ukitosheka, niambie."